Thadei na Ukurasa wa Kumi na Mbili

Inatangazwa kwa taadhima zote, kwa wakazi wa Woolwich, Plumstead, Lewisham na vitongoji vyake, kwa wenye pasipoti na kwa wale ambao mambo yao bado yako kwa mwanasheria, kwamba vita dhidi ya maradhi yaliyoitikisa dunia vimekabidhiwa rasmi kwa Bwana Thadei Kavishe, miaka sitini na sita, dereva wa basi mstaafu, mwenye goti bovu la kulia na kompyuta inayozimika ukiigusa meza. Silaha yake ni gazeti la kurasa kumi na mbili. Jeshi lake ni yeye mwenyewe, pamoja na mzee mmoja mgonjwa wa sukari ambaye hakubaliani naye. Wananchi mnaombwa mtulie.

Wananchi hawakutulia, maana tangazo lilikuwa ukurasa wa tatu na hakuna aliyefika huko.

Gazeti lenyewe linaitwa Mjumbe. Linatoka mara moja kwa mwezi, Jumamosi ya kwanza, na linagawiwa bure, jambo ambalo wasomaji wake hulichukua kuwa ushahidi kwamba halina maana. Thadei alilianzisha miaka kumi na tisa kabla ya haya, siku alipokuwa anaendesha basi namba 53 na nyuma yake abiria mmoja wa Kitanzania akamweleza mwenzake mambo matatu kuhusu sheria za nyumba za kaunsili, yaani halmashauri ya mtaa. Yote matatu yalikuwa uongo. Dereva haruhusiwi kuzozana na abiria, kwa hiyo kuanzia Deptford mpaka Plumstead Thadei aliumeza ule uongo kama mtu anayemeza kidonge bila maji. Alifika nyumbani akamwambia mkewe kwamba jamii hii inahitaji gazeti. Elieshi alikuwa anakunja nguo. Akamwambia jamii hii inahitaji kufunga mdomo, ila kama gazeti ndilo litakalomfanya yeye aache kuhutubia wakati wa kula, basi aanzishe.

Akaanzisha, na hotuba za mezani hazikupungua.

Kwa miaka hiyo yote Thadei amejifunza jambo moja ambalo hakuna chuo kinachofundisha. Mtu akikwambia Waswahili wa London hawasomi, mkatalie. Wanasoma sana. Wanasoma sura. Ukurasa wa kumi na mbili wa Mjumbe ni wa tanzia: yeyote aliyefariki London, au aliyefariki Moshi, Wete au Lubumbashi akiacha ndugu London, anapata kisanduku chenye mpaka mweusi, picha ya pasipoti, jina kwa herufi kubwa, na maelezo ya msiba uko wapi. Mtu akiokota Mjumbe dukani, hata mkoba hajautua, analigeuza nyuma. Anapitisha jicho. Asipoiona sura anayoijua anashusha pumzi, gazeti analitandika chini ya mihogo, maisha yanaendelea. Akiiona, anapiga simu. Maandishi hayasomwi. Ya nini? Tanzia zote zimeandikwa vilevile tangu babu na babu. Mengine mtu ataelezwa hukohuko msibani, akiwa na sahani mkononi.

Bwana wa ukurasa huo ni Talib Sultan, Mpemba wa Wete, karani mstaafu wa posta, aliyefika Uingereza kijana mdogo kwa njia ambayo hajawahi kuisimulia mara mbili kwa namna moja. Katika mambo yake mwenyewe Talib ana ruhusa ya kutia chumvi. Katika mambo ya wafu, hata chembe. Hakuna anayeingia ukurasa wa kumi na mbili bila Talib kupiga simu tatu: ya kwanza kwa familia, ya pili kwa sheikh au padri, ya tatu kwa mtu ambaye hakumpenda marehemu. "Familia italia, sheikh ataomba dua," husema, "lakini adui hakosei." Kwa mtindo huo ukurasa wa kumi na mbili haujapata kumzika mtu aliye hai. Kurasa nyingine kumi na moja zina makosa ya kutosha kuwagawia jirani.

Kisha ukaja ugonjwa, na ukurasa wa kumi na mbili ukaanza kunenepa. Mwezi wa kwanza uliumeza ukurasa wa michezo. Michezo ilikuwa imesimama, hakuna aliyelalamika. Mwezi wa pili ukaumeza wa matangazo ya saluni. Walikuwa madereva wa basi, wauguzi, wafagiaji wa hospitali, akina mama wanaowaogesha wazee wa Kiingereza katika nyumba za kulelea, watu ambao taifa liliwapigia makofi mlangoni kila Alhamisi saa mbili na kuwasahau saa mbili na dakika moja. Talib alipiga simu zake tatu kwa kila jina mpaka sauti ikamkauka. Wawili kati yao Thadei aliwajua kwa namba za mabasi yao.

Chanjo ilipopatikana, serikali, kama mtu anayemkumbuka mjomba wake siku anayohitaji mdhamini, ikakumbuka kwamba kuna magazeti ya Weusi. Thadei akaalikwa kwenye mkutano wa Zoom pamoja na wahariri wengine sita: Wanaijeria, Mghana, Msomali, mama mmoja wa Kijamaika aliyekuwa na gazeti tangu Thadei hajajua kuendesha hata baiskeli. Mwenyekiti alikuwa Jane, afisa wa kushirikisha jamii katika ofisi moja ya afya yenye jina refu kiasi kwamba halikuenea kwenye kioo. Jane alikuwa mtu mwema. Hilo ndilo lililomchosha Thadei zaidi; mtu mbaya angalau unaweza kumkatia simu.

"Tunawashukuru sana," alisema Jane, "kwa kutusaidia kuzifikia jamii ambazo ni ngumu kufikika."

Mama wa Kijamaika akazima kamera yake.

Thadei akainua mkono wa manjano ule wa kwenye Zoom. "Samahani. Ilani ya kodi ya kaunsili haijapata kupotea njia hata mara moja. Hiyo huwa inatufikia kwa basi gani?"

Jane akasema ni swali zuri sana na kwamba atalirudia. Hakulirudia. Badala yake alituma bango: wazee wawili wa Kizungu wanaendesha baiskeli kwenye majani mabichi, wanacheka na meno yao yote. Thadei aliwatazama kwa muda. Akawaweka kwenye folda aliyoiita Baadaye.

Ukurasa wa tatu akauandika mwenyewe. Alimpigia daktari wa Kitanzania mpaka daktari akaanza kumpokelea kwa kunong'ona. Alimpigia padri, akampigia imamu, akauliza kama chanjo inavunja saumu, kama ina nguruwe, kama ina chochote cha kumgombanisha mtu na Mungu wake. Aliandika kuhusu sukari na presha. Aliandika, kwa herufi nene, kwamba chanjo ni bure kwa kila mtu na hakuna atakayeulizwa karatasi za uhamiaji. Desemba, Januari, Februari. Ukurasa wa tatu uling'aa kama sahani isiyowahi kuliwa.

Wakati huohuo, Woolwich nzima ilikuwa inasikiliza sauti. Haikuwa na jina. Ilikuwa sauti ya mwanamume mwenye kikohozi cha heshima, inatembea kwenye WhatsApp, inaanza hivi: "Ndugu zangu Waafrika, mimi ni daktari, niko jikoni kabisa, ninayoyaona siwezi kuyasema yote." Halafu aliyasema yote, kwa dakika kumi na moja. Waliochanjwa wangekufa mmoja mmoja, kimyakimya. Sambaza kabla hawajaifuta. Ile sauti ilitoka Woolwich ikaenda Manchester, ikapita Muscat, ikateremka Pemba, ikarudi Lewisham kwa Talib ikiwa imeshasikilizwa na ukoo mzima.

Jumamosi ya mwisho ya Februari, siku ya nne tangu Thadei achanjwe, Talib alikuja Plumstead kuleta tanzia za toleo la Machi. Alisimama nje ya geti na bahasha yake ya kaki, barakoa imemshuka kidevuni kama ndevu za pili. Thadei alisimama mlangoni. Ndivyo sheria ilivyotaka, na Talib alikuwa mtu wa sheria pale sheria ilipomruhusu asiingie ndani kunyweshwa chai isiyo na sukari.

"Mkono vipi?" akauliza Talib.

"Uliuma siku mbili. Sasa mzima."

"Leo ya ngapi?"

"Ya nne."

"Aa." Talib akaipima bahasha kwa mkono. "Basi n'kuwekee mahala humu, au tungoje la Aprili?"

"Talib, una sukari. Una miaka sabini na mitatu. GP, daktari wako wa mtaa, amekuandikia barua tatu."

"Nne. Ya nne ilikuja jana. Karatasi nzuri, ngumu, naitandika chini ya chungu cha mchuzi kisiunguze meza."

"Unangoja nini?"

"Nangoja niwaone waliotangulia."

"Mimi ndiye niliyetangulia. Nione."

"Siku nne, yakhe? Hata maziwa hukaa siku nne."

Thadei akasogea mpaka getini, akalishika. Alitaka kulitikisa, goti likamkumbusha wapi mipaka yake. "Ni yule bwana wa kwenye simu, siyo?"

"Yule daktari, ndiyo."

"Ana jina?"

"Hana haja ya jina. Ana uchungu."

"Wewe, ambaye humziki mtu mpaka upige simu tatu, yeye umempigia ngapi?"

Talib akayageuzia macho barabarani. Basi la 53 lilipita, tupu, limewasha taa za ndani kama duka lisilo na wateja. Alipozungumza tena, mzaha ulikuwa umemtoka.

"Sikiliza, Thadei. Mie mwaka mzima huu naandika majina. Wote hawa waliambiwa wafanye hivi, wakafanya. Wakae hapa, wakakaa. Wende hospitali, wakenda. Wakanijia mie kwenye bahasha. Sasa leo wale wale waniambia nikunje mkono wa shati." Akaiweka bahasha juu ya ukuta wa geti. "Sikatai. Nna khofu tu."

"Hayo yote nimeyajibu. Umesoma ukurasa wa tatu?"

"Wa wapi?"

"Wa Mjumbe. Gazeti unaloligawa."

"Ah," akasema Talib. "Mie huanzia nyuma."

Alikwenda zake kituoni. Thadei akabaki na bahasha mkononi na hasira isiyo na pa kutulia. Aliwaza miezi mitatu ya kumsumbua daktari. Aliwaza Talib kwenye kisanduku chenye mpaka mweusi, na nani basi angepiga zile simu tatu. Akapanda juu, akaifungua kompyuta bila kuigusa meza, akaanza kupanga ukurasa wa kumi na mbili. Talib huleta majina na picha. Kupanga ni kazi ya Thadei, na Talib huuona ukurasa siku ya Jumamosi pamoja na watu wengine wote. Visanduku vilikuwa vitano. Nafasi ilitosha sita.

Kama wanaanzia nyuma, akajisemea, basi habari itawangoja hukohuko nyuma.

Alichukua picha yake ya pasipoti, ile anayofanana na mtu anayeshukiwa. Akaizungushia mpaka mweusi. Chini yake akaandika THADEI KAVISHE, na chini ya jina, kwa herufi nene: *Alichomwa chanjo ya Covid tarehe 23 Februari 2021.* Halafu yakafuata maandishi kwa mtindo wenyewe wa tanzia. "Familia ya Thadei Kavishe wa Plumstead inapenda kuwajulisha ndugu, jamaa na marafiki popote walipo kwamba mpendwa wao hakufa. Mkono ulimuuma siku mbili. Anakula vizuri. Mwenye sukari, presha au umri kama wake apige 119, simu haina malipo. Chanjo ni bure. Haulizwi mtu karatasi za uhamiaji." Alisoma, akacheka peke yake, jambo ambalo lingemshtua mtu mwenye busara. Hakumwonyesha Elieshi. Elieshi angemkataza, na angekuwa sahihi, na nani anataka hayo saa ya kupeleka gazeti kwa mchapaji?

Mchapaji ni Kuldip, mzaliwa wa Kisumu, mwenye duka la uchapaji Tooting. Jumatano akapiga simu.

"Bwana Thadei. Ni wewe unaongea?"

"Ni mimi."

"Uko hai kabisa?"

"Kuldip, soma maandishi chini ya picha."

"Miaka arobaini mimi nachapa, sijawahi kusoma. Nikianza kusoma nitafunga duka. Nichape?"

"Chapa."

Jumamosi saa nne asubuhi Thadei alitua furushi la magazeti katika duka la vyakula la Miradie, Mkongo wa Woolwich anayeuza pondu, yaani kisamvu cha kwao, samaki wakavu na simu za mkononi zilizokwishatumika. Miradie alikuwa nyuma anapokea mzigo, hawakuonana. Thadei akapanda basi kurudi nyumbani, moyo mweupe, akiwaza jinsi watu watakavyogeuza gazeti nyuma na kukutana na namba 119 uso kwa uso.

Walikutana na uso. Mteja wa kwanza aligeuza, akaona, akashika mdomo. Mteja wa pili akatoa simu akapiga picha. Na kwa sababu kioo cha simu ni kidogo na msiba hauna haja ya maelezo, akakata pale chini ya mstari wa kwanza. Ikabaki sura, mpaka mweusi, jina, na *Alichomwa chanjo ya Covid tarehe 23 Februari 2021*. Ujumbe wowote wa Thadei kwa miaka kumi na tisa haujasafiri hivyo. Kabla basi halijafika Plumstead, ulikuwa umeshavuka bahari. Saa tano kamili ile sauti yenye kikohozi cha heshima ikarudi hewani, fupi safari hii: "Ndugu zangu, sikusema?"

Simu ya kwanza ilitoka kwa binti yake, Lilian, aliyeko Leeds. Akauliza kwa Kiingereza, analia, kama baba amekufa. Thadei akasema hapana. Lilian akauliza kama ana uhakika.

Saa sita kengele ikalia. Hakuna aliyekuwa karibu na mlango; waliopiga kengele walikuwa wamerudi nyuma, wamepanga mstari kwenye njia ya miguu, mita mbili mbili, barakoa usoni, sufuria mikononi. Maana mtu wa kwetu unaweza kumfungia nchi, ukamfungia kanisa na msikiti, ukamfungia na mpira, lakini kwenda msibani mikono mitupu hutamweza. Kulikuwa na wali. Kulikuwa na mtori wa ndizi na nyama, kwa heshima ya Rombo alikotoka marehemu. Miradie mwenyewe alikuwa amefunga duka, amekuja na pondu kwenye ndoo ya rangi iliyosafishwa.

Thadei akafungua dirisha la juu, akatokeza na fulana.

Mtu angetarajia shangwe. Yakaanza manung'uniko, kama ya abiria walioambiwa basi linaishia hapa.

"Papa Thadei," akaita Miradie kutoka chini, "kumbe hukukufa?"

"Sikufa. Imeandikwa hapohapo sikufa."

"Miye nililia," akasema Miradie. "Nililia mu duka, mbele ya bateja."

"Lakini ulichanja?" akauliza mama mmoja mwenye hotipoti.

"Nilichanja."

"Na hujafa."

"Mama, si unaniona?"

"Nakuona," akasema yule mama, kwa sauti ya mtu asiyetaka kumkatisha mwenzake tamaa. "Tusubiri kidogo."

Elieshi ndiye aliyefika wakati huo, ametoka zamu ya asubuhi kwenye nyumba ya kulelea wazee, miguu imevimba. Aliiona nyumba yake na watu wenye sufuria mbele yake. Akasimama. Mkoba ukamteleza begani. Kisha akafuata macho yao mpaka dirishani, akamkuta mumewe, mzima, na fulana ya jana. 

"Baba Lilian," akasema. "Umefanya nini tena."

Thadei alikuwa bado anaeleza, toka juu, kwa mtu wa tatu ambaye hakusoma, alipomwona Talib anakuja kutoka upande wa kituo. Talib hana mwendo wa haraka. Siku hiyo alikuwa nao. Gazeti lilikuwa kwapani, limekunjwa ukurasa wa kumi na mbili nje. Watu wakampisha. Huyo ndiye mtu ambaye, akikupigia simu, unakaa kitako kwanza.

Thadei akateremka, akatoka mpaka getini.

"Nimepiga simu tatu," alisema Talib. Hakutoa hata salamu, na kwa Mpemba hilo ni tusi kamili.

"Ulinipigia mimi?"

"Maiti hapigiwi. Nilimpigia mkeo, yuko kazini. Nilimpigia padri wako, ati hana habari, atakuombea. Nikatafuta wa tatu, mtu asiyekupenda. Nikakaa nafikiri nianze na nani." Akavuta pumzi. "Dada yangu Ghalia kanipigia kutoka Wete kunipa pole. Wete, Thadei. Ati chanjo imekuua, na ushahidi upo, umo ndani ya gazeti la Talib. Miaka kumi na tisa ukurasa huu haujasema uongo. Leo umekuwa shahidi wa yule bwana wa kikohozi."

"Haujasema uongo. Soma."

"Nisome nini?"

"Chini ya picha. Soma, Talib, kwa jina la yule unayemwabudu. Mmoja wenu asome. Mtu mmoja tu katika mji huu wa watu milioni tisa."

Sauti ilimkatika mwishoni. Haikuwa ya kuigiza, na wale wenye sufuria wakatazama chini. Talib akavaa miwani. Alikuwa na sababu yake: mtu hawezi kuandika masahihisho ya jambo asilolijua. Akalikunjua gazeti, akaanza kusoma kwa sauti ileile anayosomea tanzia kwenye simu, pole pole, kila neno na uzito wake. "Familia ya Thadei Kavishe wa Plumstead inapenda kuwajulisha ndugu, jamaa na marafiki popote walipo kwamba mpendwa wao hakufa." Kuna mtu alicheka puani. Talib akaendelea. Mkono, siku mbili. Sukari, presha. Mia moja na kumi na tisa. "Chanjo ni bure. Haulizwi mtu karatasi za uhamiaji."

"Hawaulizi karatasi?" Huyo alikuwa mwanamume wa mwisho kwenye mstari, aliyekuwa hajasema neno, na aliyejifunika barakoa mpaka chini ya macho.

"Hawaulizi," akasema Thadei.

"Hata jina la GP? Mimi sina."

"Hata kama huna. Nimeliandika hilo mara tatu."

"Wapi?"

"Ukurasa wa tatu."

Wakatazamana wote, kwa adabu, kama watu waliotajiwa mtaa wasioujua.

Talib alikuwa bado ameshika gazeti. Alilikunja taratibu, akalirudisha kwapani. "Familia ipo," akasema, akimwonyesha Elieshi. "Padri keshaulizwa. Bado wa tatu." Akavua miwani. "Wa tatu ni mie, maana leo, wallahi, sikupendi hata kidogo. Nipigie hiyo namba. Ntakwenda nichomwe nione mwenyewe. Nkifa, ukurasa utakuwa umesema kweli walau kwa mtu mmoja. Nsipokufa, natoa masahihisho, na picha yako haitii mguu tena kwenye ukurasa wangu mpaka siku yake."

"Utakwenda kweli?"

"Sirudii neno barabarani. Na huo mtori nani anakula?"

Alhamisi walikwenda Lewisham, kwenye ukumbi uliogeuzwa kituo cha chanjo. Thadei alimsindikiza mpaka mlangoni kama mzazi anayepeleka mtoto shule, na Talib alimwambia hivyo, kwa maneno makali zaidi. Ndani palikuwa na viti vimetengwa mita mbili mbili. Yule mwanamume wa barakoa ya chini ya macho alikuwa ameshachanjwa, amekaa pembeni, anamalizia dakika zake. Aliinua kidole kimoja kumsalimu Thadei, akageuka upande wa pili. Mama mwenye hotipoti alikuwa foleni. Muuguzi akamfunga Talib plasta, Talib akauliza kama ndio basi, akaambiwa ndio basi. Akakaa dakika kumi na tano anaangalia saa ya ukutani kama mtu anayemngoja mdeni. Hakufa. Ilimuudhi kidogo.

Aliyekuwa anapita na kompyuta ya mkononi, barakoa ya maua, alikuwa Jane mwenyewe. Alimtambua Thadei kwa fulana ya sufu aliyoivaa kwenye Zoom, akafurahi kweli. Alikuwa anauliza kila aliyechanjwa swali moja.

"Ulisikiaje habari za chanjo?" akamuuliza Talib kwa Kiingereza. "GP, televisheni, redio, tovuti, au ujumbe wa simu?"

"Gazeti," akasema Talib.

Jane akapandisha kidole, akakishusha. "Gazeti halimo kwenye orodha. Nitaweka Mengineyo."

"Weka unavyotaka," akasema Talib. "Ukurasa wa kumi na mbili."

Thadei alikuwa na la kusema kuhusu orodha hiyo. Alikuwa na la kusema kuhusu baiskeli pia, na kodi ya kaunsili, na swali zuri sana lisilorudiwa. Lakini Jane alikuwa amemgeukia, macho yanang'aa juu ya maua ya barakoa.

"Bwana Kavishe, ngoja nikwambie. Wiki hii tumepata wazungumzaji wa Kiswahili wengi kuliko miezi yote iliyopita tukiwajumlisha. Wakubwa zangu wanauliza. Tunaandaa ripoti ya kitaifa kuhusu mbinu bora za kuifikia jamii, na ningependa sana kukunukuu, kwa maneno yako mwenyewe. Baada ya juhudi zote zile, hatimaye ulifanya nini?"

Thadei akaliegemeza goti bovu kwenye kiti.

"Nilikufa," akasema.